Habari za Benchi la Wifi na Vita vya Kivuli cha Alasiri

Sogeeni, enyi wenye masikio! Sogeeni, nyinyi mlioshika koleo tangu utotoni, na nyinyi pia msiojua koleo na mwiko vinapishana wapi. Epueni sufuria, zimeni redio, mkalisheni mtoto pajani, kwa kuwa nataka kuwasimulia vita ambavyo hakuna aliyevipigia tarumbeta wala malenga aliyevitungia beti, si kwa uchoyo wao, bali kwa sababu vilipiganwa nyuma ya nyumba, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, na shujaa wake nilikuwa mimi. Na kwa kuwa tangu siku ile hajatokea mja wa kunisifu, nimeona nisimngoje. Mgema akikosa wa kumsifu hujisifu mwenyewe, kisha tembo akalitia maji vilevile.

Nijitambulishe kama iwapasavyo mashujaa. Mimi ndimi Mshona Nguo wa zamani, Mama wa Watoto Waliokwisha Kuhama, Bibi wa Mjukuu Mwenye Kelele, niliyeifunika cherehani yangu pale uzi ulipoanza kunikatalia kuingia tunduni, nikajiandikisha chuoni kusomea ubunifu wa bustani na mandhari. Darasani niliketi miongoni mwa vijana ambao ningaliweza kuwazaa wote na kubaki na nafasi. Waliniita Mama Mandhari. Sikujua kama ni heshima au ni kejeli. Nikaipokea kama heshima, maana vyeo havirudishwi dukani.

Wala msidhani niliingia vitani mkono mtupu. Katika muhula wa kwanza nilikwisha kujipatia sifa iliyovuka korido na kufika hadi ofisi ya mkuu wa chuo, kwa kuchora chemchemi ya marumaru, yenye samaki wanne wa kutema maji, katika kiwanja kisichokuwa na bomba. Mkufunzi wetu aliitazama ramani ile kwa muda mrefu, akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Mh."

Huyo ndiye tuliyemwita Bwana Mh, mtu mwembamba, mnyoofu kama kigingi, ambaye kila hisia ya mwanadamu aliisema kwa neno hilo moja. Palikuwa na Mh ya kukubali, Mh ya kusikitika, na Mh ya chemchemi, ambayo baada yake mtu hurudia muhula. Nami niliurudia.

Sasa ukafika mtihani wa mwisho, na sharti lake lilikuwa hili: kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli mwenye kiwanja cha kweli, amsikilize, amchoree, kisha amjengee. Bwana Mh akasimama mbele yetu akatoa wasia, na siku ile alikuwa na maneno mengi kupita kawaida yake: "Kabla hamjachora hata mstari, kaeni kwenye kiwanja asubuhi, kaeni mchana, kaeni jioni. Jua halikai kitako."

Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Nikayapigia mstari mwekundu. Kisha nikafunga daftari, na busara ile ikabaki humo ndani, salama kabisa, isije ikachakaa kwa kutumika.

Mteja wangu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aishiye mtaa wa nyuma yetu pamoja na binti yake ashindaye kazini. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mitaa ile walipoingia duniani, uso wa kwanza waliouona ulikuwa wake, na hadi leo akiwakemea wanaitika. Lakini kabla ya mvua za mwaka ule aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa, akarudi nyumbani na mkongojo. Daktari alimwambia atoke nje kila siku, apate hewa. Wifi hakutoka. Uani kwake palikuwa pakavu, hapana pa kuketi, na jua la alasiri lilikuwa likiuanika uwanja mzima kama mkeka. Basi akahamia koridoni, kwenye kiti cha plastiki, akitazamana na ukuta, hata ikawa nyufa za ukuta ule anazijua kwa majina.

Nilipomwendea na karatasi zangu, nikaketi mbele yake nikamwambia, "Ewe mteja wangu mtukufu, fungua moyo wako, uniambie ndoto za bustani yako, nami nitazishusha ardhini."

Akanitazama toka juu hadi chini. "Wifi, una mjukuu na bado unabeba begi la shule. Ndoto gani? Mimi nataka pa kukaa alasiri. Nje. Kivulini. Nione lango, nijue nani anapita na nani ananikwepa. Basi."

"Hutaki maua?"

"Maua weka, kama yatakufaulisha."

Nikapeleka ombi lile chuoni, na Bwana Mh akaliandika kuwa ndilo swali la mtihani wangu: mteja aketi kivulini saa kumi alasiri. Na saa kumi hiyohiyo, siku aliyoitaja, angekuja mwenyewe kukagua. Nikifaulu, nimehitimu. Nikishindwa, ningerudia mwaka, na vijana wa mwaka wa chini walikuwa wamekwisha kuniuliza kama nitapenda kukaa dirishani.

Hapo shujaa wenu akaingia kazini. Kwa kuwa alasiri zangu zilikuwa za darasani, nilikwenda kwa wifi asubuhi. Kila siku asubuhi. Na huko, chini ya ukuta wa jirani, niliona kivuli ambacho macho yangu hayajapata kuona mfano wake: kipana, kizito, chenye ubaridi wa mtungi. Nikakipenda. Nikakipima kwa kamba, nikakichora kwenye ramani kwa wino usiofutika, nikakipaka rangi ya kijivu kwa ustadi, kama mtu achoraye kabati ambalo halitahama. Nikatangaza: benchi litakaa hapa.

Tena benchi la zege. Mbao huoza, chuma hupata kutu, nami nilitaka kazi ambayo vitukuu watainyooshea kidole. Mume wangu alinisaidia kukoroga na kumimina. Yeye ni dereva wa malori mstaafu, na hakuna jambo chini ya mbingu asiloweza kulieleza kwa kulifananisha na lori. "Hili," alisema akifuta jasho, "likishakauka, ni fuso lenye shehena na halina magurudumu." Nikamwambia huo ndio uzuri wake. Tukalifunika magunia mabichi ili likauke taratibu, nami nikageukia katikati ya uwanja, nikachimba tuta la maua. Nililichimba kama nilivyofundishwa: kina cha kutosha, udongo ukapondwa, mbolea ikachanganywa, hata udongo ukawa laini kama unga uliochekechwa. Tuta lile lilikuwa fahari yangu. Likumbukeni, kwa sababu mimi nilikuja kulijutia kabla jua halijatua.

Siku ya mtihani ikawadia. Nilifika mapema baada ya chakula cha mchana, nikaondoa magunia, nikafagia, nikamwagilia miche. Wifi akatoka. Alivuka kizingiti kwa mkongojo wake, polepole, akiwa amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo, akapita kandokando ya tuta, akafika ukutani, akageuka, akaketi.

Akainuka. Na kwa mwenye nyonga ile, aliinuka upesi ajabu.

"Wifi," akasema, "umenijengea benchi au kikaango?"

Nikatazama. Enyi wasikilizaji, ni wapi nitakapopata maneno? Kivuli changu kilikuwa kimeondoka! Kile nilichokipima, nilichokichora, nilichokipaka rangi, kilikuwa kimevunja kambi bila kuaga. Jua lilikuwa limehamia magharibi, likaupiga ukuta wa jirani uso kwa uso, na ukuta ukalirudishia benchi joto lote. Nikaligusa zege kwa kiganja. Nikakirudisha kiganja changu kwa haraka. Upande wa pili wa uwanja, chini ya ukuta wa jikoni, kulikuwa na utepe wa kivuli, mwembamba, umejilaza unanicheka.

"Labda kitarudi," nikasema.

"Nani?"

"Kivuli."

"Kitarudi," wifi akakubali. "Kitakuja na mbu wa Magharibi."

Ndipo nikapanda juu ya karo la kufulia, nikainua ramani yangu kama bendera, nikanena kwa sauti ya kuamsha majeshi: "La! Haitasemwa kwamba binti wa baba yangu alishindwa na jua! Ikiwa kivuli kimehama, basi na benchi litahama! Tutaliondoa ukutani, tutaupita uwanja, tutalisimamisha chini ya dirisha la jikoni, hata kama mifupa yangu itabaki njiani!"

"Shuka hapo kabla hujateleza," wifi akasema. "Nyonga moja inatosha ukoo huu."

Nikashuka. Nikampigia simu mume wangu. Akaja na mtaimbo, mbao mbili, na vipande vya mabomba ya chuma vilivyobaki tulipotengeneza maji kwetu. Alilizunguka benchi akilipiga mateke madogo, kama anayekagua matairi.

"Dada," akamwambia wifi, "mimi nilisema."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ni fuso."

"Basi liendeshe."

Na vita vikaanza. Mume wangu akapenyeza mtaimbo chini ya benchi, akaukandamiza kwa uzito wake wote, nami nikasukuma ubao, nikasukuma bomba, nikatoa vidole vyangu kabla havijawa sehemu ya historia. Benchi likalia. Likatikisika. Kisha, enyi wenye masikio, likasogea! Liliviringika juu ya mabomba yale kwa fahari na kishindo, nasi nyuma yake tukisukuma kwa mabega, bomba likitoka nyuma nalichukua mbio nalileta mbele, mume wangu akipiga kelele, "Kushoto! Kata kushoto! Nyoosha! Rudi kidogo!" ingawa mwenye kusukuma kushoto alikuwa yeye mwenyewe. Ukuta ukabaki nyuma. Nikahisi ushindi ukinipanda kichwani. Nikaanza hata kutunga hotuba ya mahafali.

Wifi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. "Wifi! Mbele yenu kuna nini?"

"Utukufu!" nikajibu.

"Kuna tuta."

Alisema kweli. Tulikuwa tumefika ukingoni mwa tuta langu, lile tuta laini, na hapakuwa na njia nyingine: upande mmoja karo, upande mwingine mtaro wa maji machafu. Mume wangu akalaza mbao juu yake. Benchi likapanda, likasitasita kama ng'ombe kwenye daraja, kisha ubao mmoja ukasema *ka!* na miguu ya mbele ikazama ndani ya udongo wangu uliopondwa, uliochanganywa, uliochekechwa, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayeingia kitandani. Nami niliyekuwa nikisukuma kwa nguvu zote nikapitiliza, nikaruka juu ya kiti chake, nikatua kifudifudi kwenye mbolea.



"Tumezama," mume wangu akatangaza. "Ekseli iko chini. Hapa huitwa gari lingine la kuvuta."

"Lipo?" nikauliza, nikitema majani.

"Halipo."

Tukajaribu. Mungu ni shahidi, tulijaribu. Mtaimbo ulipokandamizwa, ulizama mtaimbo na benchi likabaki palepale. Tulipochimba mbele, udongo ulimiminika tena. Kila wema nilioutendea ardhi ile, ardhi ilinilipa siku hiyo. Mwishowe mume wangu akaketi chini, mgongo umemkataa, nami nikaketi karibu yake nikiwa na mbolea kwenye nyusi, nikaitazama saa ya simu. Bwana Mh alikuwa karibu kufika. Niliwaza vijana wa mwaka wa chini na kile kiti cha dirishani.

"Wifi, nisamehe," nikasema, na sikuwa tena na sauti ya jeshi. "Nimekuharibia uwanja. Rudi ndani upumzike, nitatafuta watu kesho walitoe."

Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mkongojo umelala mapajani, naye anaangalia upande wa lango ambako watoto wa jirani walikuwa wakipita na baiskeli mbovu.

"Mimi ndani sirudi," akasema. "Nimekaa na ule ukuta mpaka umenichosha, na nadhani na mimi nimeuchosha. Leo nimevaa. Nimetoka. Nitakaa hapahapa ngazini kama mwizi aliyekamatwa, lakini koridoni sirudi."

Mume wangu akainamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Nami nikageuza uso ili nisione macho ya wifi, nikatazama chini, na hapo ndipo nilipouona. Mstari wa kivuli cha nyumba, ule utepe mwembamba uliokuwa ukinicheka chini ya dirisha, ulikuwa umetoka dirishani. Ulikuwa umevuka ngazi. Ulikuwa umekula nusu ya karo la kufulia, na ncha yake ilikuwa imegusa ukingo wa tuta.

Nikaruka. "Kinatembea! Mume wangu, kinatembea! Kinakuja!"

"Nani tena?"

"Kivuli!"

"Vivuli hutembea tangu dunia iumbwe," mume wangu akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa.

Lakini mimi nilikwisha kupiga magoti udongoni. Nikachomeka kijiti pale mstari ulipokuwa, nikangoja, na kivuli kikakimeza kijiti. Nikachomeka kingine mbele, kikakimeza nacho. Majeshi yaliyonikimbia asubuhi yalikuwa yakinirudia kutoka upande wa pili! Yalikuwa yakivuka mche mmoja, kisha wa pili, bila haraka, bila kelele, yakielekea moja kwa moja kwenye benchi langu lililozama.

Na lango likalia. Bwana Mh akaingia, kofia kichwani, faili kwapani. Akauangalia ukuta wa jirani. Akaiangalia nakala ya ramani yangu. Akauangalia ukuta tena, mahali palipokuwa na alama nne za miguu ya benchi na hapana benchi. Kisha akageuka akatuona: mwanamke mwenye mbolea usoni, amepiga magoti mbele ya vijiti, mwanamume aliyeshika mgongo, na bibi mwenye kitenge kipya ngazini.

"Mh," akasema.

Ilikuwa Mh ya chemchemi. Nilijua mlio wake.

Nikasimama, nikajikung'uta, nikafungua kinywa kumwambia kwamba ubunifu wa kisasa huliweka benchi katikati kama kitovu cha macho, kikiwa kimezungukwa na uoto, ili mteja ajihisi sehemu ya...

"Limekwama, mwalimu," wifi akasema. "Alilijenga ukutani kwenye jua. Akaona kosa, akataka kulihamisha, likakwama. Na yeye akaanguka. Mimi niliona yote."

Mkufunzi akanigeukia. "Kiwanja hiki ulikuja kukitazama saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mchana?"

"Hapana."

"Jioni?"

Nikatikisa kichwa. Mbolea ikadondoka.

Akaitazama saa yake ya mkononi. Hakuwa mtu wa kuibia dakika wala wa kuzikopesha. Akasimama kando ya tuta, mikono nyuma, nasi tukasimama. Mstari ule ulifika kwenye mguu wa benchi. Ukapanda mguuni. Mume wangu alikuwa akiusukuma kwa bega lake hewani, bila kujijua. Ukapanda ukingoni mwa kiti, ukatambaa juu ya zege, ukafika katikati, na Bwana Mh akainua kichwa. "Saa kumi," akasema.

Nusu ya benchi ilikuwa kivulini. Nusu ilikuwa juani.

Hapo wifi akashika mkongojo wake, akainuka ngazini. Mume wangu alitaka kumsaidia, wifi akamsukuma kando kwa kiwiko. Akatembea juu ya ubao uliobaki mzima, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto wa kwanza, akafika, akaigusa ile nusu ya kivuli kwa kiganja, akageuka, akaketi. Benchi, kwa kuzama kwake, lilikuwa limeinama kidogo mbele. Akajipima. Akakanyaga. Akainuka. Akaketi tena.

"Mwalimu," akasema, "kule ukutani lilikuwa juu mno. Miguu ilikuwa inaning'inia. Hapa miguu inafika chini." Akanyoosha shingo. "Na lango naliona. Hata pembe ya duka naiona. Kumbe yule fundi baiskeli ana mke mpya?"

Bwana Mh akanijia karibu. "Ramani yako ni mbovu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini sasa ungeliacha hapa au ungelitoa?"

"Ningeliacha. Ningeliwekea mawe chini ya miguu lisizidi kuzama. Na maua ningeyapanda kulizunguka."

"Na miezi sita ijayo, jua likibadilisha njia, kivuli kitafika hapa saa ngapi?"

Shujaa wenu, niliyekuwa na jibu kwa kila jambo tangu kuzaliwa, nilitazama ukuta. Nilitazama paa. Nilitazama kivuli. "Sijui," nikasema. "Itabidi nije nitazame. Alasiri."

"Mh," akasema Bwana Mh, na Mh ile sikuwa nimepata kuisikia. Ilianza chini ikaishia juu. Akafungua faili, akaandika, akanionyesha. Ilikuwa alama ya kufaulu, ile ambayo ikipungua hata nukta unarudi darasani na begi lako. Akamwinamia wifi kwa heshima, akaenda zake, na langoni nilimwona amesimama kidogo kukitazama kivuli chake, akipima jua limefika wapi.

"Amekupa?" mume wangu akauliza.

"Amenipa."

"Basi tumefika salama, ingawa kwa kukokotwa." Akaenda jikoni kutafuta cha kunywa, akitembea kama aliyeshuka kwenye safari ya wiki.

Nikaketi kwenye nusu ya jua, kwa kuwa ndiyo iliyonistahili. Ilikuwa moto. Wifi akaniona ninavyojiinua upande huu na upande huu. Akajisogeza, akanivuta kwa mkono wa gauni, mbolea na yote, akaniingiza kivulini pamoja naye, tukabanana kama wanafunzi wa dawati moja.

"Usinipake uchafu kwenye kitenge," akasema, na hakuuachia mkono wangu.

Watu wakaanza kupita. Mwanamke mmoja mwenye kapu akasimama langoni, akakodoa, akapaza sauti, "Mama Mkunga! Umetoka nje?"

"Nimetoka!" wifi akaitika. "Ingia, kuna benchi!"

Basi na iandikwe, enyi wenye kalamu, katika mlango ule mnamoandika kutekwa kwa ngome na kuvukwa kwa milima, chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo kama nafasi ni haba: kwamba alasiri ile kivuli kilifika, wifi akaketi nje, akaja mgeni wa kwanza, akaja na wa pili, na mbunifu wa mandhari akafukuzwa benchini kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.